Mwonjaji wa Pai ya Ndimu

Saa kumi na dakika ishirini za alasiri, Jumamosi, ujumbe wa sauti uliingia katika kundi la simu la ukoo wetu. Aliyeutuma ni Lamya, binti wa shangazi yangu Nuru, aliyezaliwa Kanada na anayeishi huko hadi leo. Nilikuwa uani nakamua ndimu za achari, mikono imelowa, nikaibonyeza simu kwa kifundo cha kidole na kuiacha iseme yenyewe juu ya kiti. Harufu ya ndimu na sauti ya Lamya vilinifikia kwa pamoja, na nadhani ndiyo sababu hasira ilinipanda upesi kiasi kile.

Siku kadhaa kabla ya hapo kundi zima lilikuwa likizungumzia pai ya limau, ile yenye povu jeupe la ute wa mayai juu, lililobabuliwa kidogo na moto. Lamya alikuwa ametuma picha ya pai yake. Maryam, binamu yetu wa Maskati, akaomba maelezo, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba hatuna jiko moja. Lamya alitaja limau la manjano, Maryam akasema kwao linalopatikana kwa urahisi ni lumi, yaani ndimu zetu hizi ndogo za kijani. Lamya alitaja unga mweupe laini wa mahindi wa kuitia pai uzito, Maryam akauliza kama ndiyo nashaa, na mwingine aliyeko Australia akasema kwao unga unaouzwa kwa jina la unga wa mahindi wakati mwingine hutengenezwa kwa ngano. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Niliyasoma kwa furaha na sikuandika kitu.

Ndipo ukaja ule ujumbe. "Jamani, nimemuuliza Mama kuhusu pai," alisema Lamya kwa Kiswahili chake cha nyumbani, huku anacheka. "Ati marehemu mamake Rukia aliipika Ramadhani moja kwa unga wa sima! Juu ya mkaa! Halafu akaipeleka Kizingo kwa matajiri!" Nyuma yake nikaisikia sauti ya Shangazi Nuru, ya kizee sasa lakini bado ina nguvu: "Mwambie ilikuwa yatiririka kama uji wa mgonjwa." Wakacheka wote wawili. Kundi nalo likajaa nyuso za kucheka, mpaka za watu ambao hawakumjua mama hata kwa picha.

Mama tumeshamzika, hawezi kujibu. Nitajibu mimi, na nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu uongo huu umeishi muda mrefu kwa kusimuliwa haraka haraka.

Tulikaa Kuze, Mombasa, vyumba viwili vya ghorofani, na jiko letu lilikuwa kwenye kiwanja kidogo cha juu, nyuma ya chumba cha pili, penye paa la mabati upande mmoja. Baba alikuwa karani wa ghala na mshahara wake uliishia kwenye chakula na nauli. Kodi ya nyumba ililipwa na Shangazi Nuru, dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa Kanada. Hakuna aliyelitamka jambo hilo mbele yangu, lakini nililiona kwa namna mama alivyobadilika jina la wifi yake lilipotajwa. Alikuwa akinyoosha mgongo na kujifunga kanga upya, kama mtu aliyesikia hodi.

Wa rika langu mtazikumbuka kanda. Simu za nje zilikuwa ghali, barua zilichosha mkono, kwa hiyo jamaa walioko ng'ambo walijirekodi na kanda zikaja na wasafiri. Katika kanda moja, baada ya salamu za kila mtu kwa jina lake, Shangazi alieleza namna ya kupika pai ya limau. Alijisifia kidogo, akataja vitu kwa majina ya kule, akasema wifi bila shaka hataweza kuvipata. Mama aliisikiliza kanda ile, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena, mpaka ukanda ukaanza kulegea na sauti ya Shangazi ikawa nzito kama ya mwanamume. Mimi nilicheka. Mama aliirudisha nyuma tena. Alikuwa anafikiri.

Kwa limau alitumia ndimu, maana ndizo tulizokuwa nazo. Ule unga wa kanda ndio uliomsumbua. Mara ya kwanza alijaribu unga wa sima aliouchekecha mara kadhaa kwa kitambaa cha buibui kuukuu, tukapata kitu kama uji wenye mchanga. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Alipomjibu Shangazi kwa kanda, alimsimulia kisa hicho yeye mwenyewe, kwa mzaha: "Wifi, nimewapikia nduguyo na mwanao sima ya ndimu!" Hiyo ndiyo mara pekee unga wa sima ulipoingia kwenye pai ya mama. Ililiwa na sisi watatu, nyumbani, na hapakuwa na Ramadhani wala mtu wa Kizingo.

Baadaye mama alikwenda kwa fundi wa halua, mtaa wa pili kutoka kwetu. Aliniacha nimsubiri mlangoni, penye joto la sufuria kubwa ya shaba na vijana wawili wanaokoroga kwa zamu. Akamuuliza fundi ni nini kinachoifanya halua ishike na bado ing'ae. Fundi akampa wanga kwenye karatasi, mweupe, laini, unaolia kidogo ukiuminya kwa vidole. Akamwonya kwamba wanga ule hautaki kuzidishiwa moto. Mama akaongeza na jambo lake, ambalo kila mpishi wa Mombasa analijua bila kufundishwa, kwamba ndimu haitiwi ikiwa chungu bado kiko motoni, kwa kuwa ikichemka inaleta uchungu. Mchuzi wa nazi unaukamulia ndimu umeshauepua. Basi na pai akaifanya hivyo hivyo. Alichemsha maji, sukari na wanga mpaka vikashika, akatia viini vya mayai, akaepua, na mwisho kabisa akatia maji ya ndimu na kukoroga polepole. Kwenye povu la ute alikuna ganda la ndimu kuondoa shombo la yai, maana watu wetu wakisikia shombo hawatagusa. Sinia lilikaa juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, na makaa mengine yakatiwa juu ya mfuniko wa bati, kama tunavyookea mikate ya mayai. Moto wa juu uliligeuza lile povu rangi ya hudhurungi kwenye ncha zake tu. Sijala pai nzuri kama ile, na nimekula nyingi.

Aliipeleka moja kwenye harusi ya jirani. Hapo ndipo alipoionja Bi Zainabu, mke wa mfanyabiashara mmoja wa Kizingo, mwanamke wa manukato mazito na maneno machache. Mwezi wa Shaabani ulipokuwa unakwisha, alimtuma msichana wake wa kazi na agizo. Alikuwa anawaalika wakwe zake kufuturu kila Ijumaa ya Ramadhani, akataka pai mbili kila Ijumaa na moja ya siku ya Idi, tisa kwa jumla, kila moja kwa shilingi mia moja na sitini. Baada ya Idi zinaanza harusi, na mwenye kulisha nyumba ile hupata nyumba nyingine. Usiku ule nilimsikia mama akimwambia baba kupitia pazia, "Mambo haya yakienda sawa, kodi ya mfunguo mosi, baada ya Idi, nitailipa mimi. Utamwandikia dada yako ahsante, na kwamba inatosha." Baba akasema, "Inshallah." Sikujua kodi ni kitu gani hasa. Nilijua tu kwamba mama anakitaka kitu, na kwamba sauti yake ilikuwa mpya.

Hapa lazima nieleze kazi yangu. Mimi nilikuwa mwonjaji. Nilikuwa nafunga mpaka adhuhuri tu, funga ya watoto, na mama hakupenda kuonja chochote akiwa na saumu. Kwa hiyo kila alasiri ya Ramadhani nilisimama kando ya jiko na kijiko changu, nikamwambia chumvi imezidi, tui ni zito, kaimati hazina sukari. Alinifundisha kutofautisha. Hakukubali niseme "mbaya". Alitaka niseme ni kali, ni chachu, ni chungu au imepooza. Nikisema, alifuata neno langu bila kubisha, na hakuna heshima niliyopewa baadaye maishani iliyofikia ile.

Sababu ya kazi hiyo niliielewa kwa namna yangu. Niliamini ndimi za watu wazima hufa alfajiri na kufufuka kwa adhana ya magharibi. Ushahidi nilikuwa nao. Siku moja baba alisahau kwamba amefunga, akatia tende mdomoni, akashtuka na kuitema, akasema, "Wallahi hata utamu wake sikuusikia." Basi nikahitimisha kwamba mwezi wote ule, mchana, katika nyumba nzima, ulimi ulio hai ni wangu peke yangu. Niliubeba wajibu huo kwa uzito.

Shangazi Nuru aliwasili siku ya pili ya Ramadhani, kutembelea. Alileta masanduku mawili na chokoleti zilizoyeyuka njiani. Alipiga miayo mchana kutwa na kusema, "Msinione mvivu. Mwili wangu bado uko Kanada. Saa hizi kule ndiyo kwanza jua lachomoza." Nililishika neno hilo na kuliweka.

Ijumaa ya kwanza mama alianza mapema baada ya adhuhuri. Vitako vya unga na samli vilikuwa tayari vimeokwa. Aliepua sufuria, akatia maji ya ndimu, akakoroga, akaniita. Nilionja. Ilikuwa chachu, kisha tamu, na ilikaa juu ya kijiko bila kuteleza, inang'aa kama kioo cha taa. "Ni sawa," nikamwambia. Akatabasamu na kugeuka kutafuta kile kijiko kikubwa cha mbao. Ndipo Shangazi alipotoka chumbani, kitambaa kichwani, macho yamevimba kwa usingizi.

"Wifi, hii umeichemsha lini?"

"Nimeichemsha kabla sijatia ndimu. Ndimu naitia mwisho, haitaki moto."

"Haitaki moto!" Shangazi akacheka. "Ndimu imekuwa bibi harusi, yafichwa jua? Kule kwetu kila kitu chaingia sufuriani na kila kitu chachemka. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo nilivyokwambia kwenye kanda."

"Kule mwatumia unga mwingine, wifi. Huu ni wanga wa halua. Na malimau ya kule si ndimu hizi."

"Wanga ni wanga. Wataka kuwalisha watu wa Kizingo unga mbichi, waje waseme ni nyumba ya kaka yangu?"

Akaishika sufuria kwa ncha ya kanga ya mama na kuirudisha motoni. Mkono wa mama ulitoka mbele, ukasimama hewani, ukarudi. "Polepole basi, wifi," akasema. Shangazi alikoroga kwa nguvu, na alipokoroga alizungumza, kuhusu jiko lake la gesi lenye kioo, kuhusu majirani zake wanaomwomba awafundishe. Mapovu makubwa yakaanza kupasuka. "Tosha, wifi," mama akasema. "Bado," Shangazi akajibu. Niliuona ule mng'ao ukififia. Kile kilichokuwa kikikunjika kizito nyuma ya kijiko kikaanza kukimbia kama maji ya sabuni.

"Ruki," mama akaniita, sauti imeshuka. "Njoo uonje tena."

Nilionja. Uchungu ulinishika kwenye mzizi wa ulimi na kukaa hapo.

"Ni chungu," nikasema. "Ile ya kwanza ilikuwa chachu na tamu. Hii ni chungu, tena ni nyepesi."

Shangazi akanigeukia. "Hebu toa ulimi."

Nikautoa. Ulikuwa mwekundu kama damu ya samaki. Baada ya adhuhuri nilikuwa nimenunua mabuyu kwa jirani, yale yenye rangi na pilipili.

"Ati! Muoneni!" Shangazi akapiga makofi. "Mtoto arambe rangi na pilipili tangu adhuhuri, halafu yuwatupa hukumu ya pai! Huyu ndiye mwonjaji wako, wifi? Mtoto mwenye mdomo kama aliyekula kasuku mzima?"

"Nilisukutua," nikasema. Na kweli nilisukutua. Mama hakuniruhusu kuonja bila kusukutua.

"Nyamaza. Mtoto hambishii shangazi yake."

Mama alinisogelea. Alikitwaa kijiko changu, akakifuta kwenye kanga. "Nitaonja kwa ncha ya ulimi, niteme," alisema kwa upole sana. "Si haramu kwa mpishi."

"Si haramu," Shangazi akakubali. "Mimi sijasema haramu. Lakini sijapata kuona mtu wa kuihatarisha saumu yake kwa kuwa hamwamini wifi yake. Na wifi mwenyewe ndiye huyu..." Hakumaliza. Aliinua macho akayazungusha taratibu, kutoka kwenye mabati ya paa hadi kwenye mlango wa chumba, akavitazama vyumba vile viwili kama mtu anayehesabu kitu chake.

Mama akakiweka kijiko chini.

Hilo ndilo tukio lote. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa. Mwanamke mmoja alikitaka kijiko ili ajue ukweli wa kazi yake mwenyewe, na mwingine akamzuia kwa kutazama kuta. Nimekwisha kuona dhuluma kubwa zaidi ya hiyo katika mji huu, za ardhi na za mirathi, na bado nikiifikiria ile inanichoma kuliko hizo nyingine.

Zilipotiwa povu na kubabuliwa, pai zote zilikuwa na sura nzuri. Chini ya povu hukuona kitu. Baba alikodi teksi, akazipakata mbili mapajani hadi Kizingo, na ya tatu, ndogo, iliyotokana na mabaki, ikawekwa kwa futari yetu. Mama alikaa juu ya kibao cha mbuzi akiwa hana nazi ya kukuna. Mimi nilikuwa mtulivu kabisa, na ni jambo hilo la utulivu ambalo leo linanifanya nitake kupiga ukuta. Nilijua kitu ambacho wao hawakukijua. Adhana italia, ndimi zote zitafufuka, Shangazi ataonja, na ataniambia mbele ya watu, "Ruki, ulisema kweli." Nililipanga hata jibu langu. Ningesema, "Si kitu, Shangazi."

Adhana ikalia. Tende, maji, kaimati, uji wa pilipili manga. Kisha mama akaikata ile pai ndogo. Kisu kilipoingia, povu likateleza upande mmoja kama godoro linalotoka kitandani, na maji ya manjano yakajaa sinia. Baba akala kijiko kimoja, akakunja uso. "Hii leo vipi?" akauliza. Nikamwangalia Shangazi. Alitia mdomoni, akatafuna ambako hapakuwa na cha kutafuna, akameza, akanywa maji.

"Mkaa," akasema. "Nilijua. Mkaa hauna kipimo. Kitu kama hiki chataka jiko la kweli."

Nikasubiri. Mama alikuwa anatazama sinia. Shangazi akajipakulia biriani.

Nilitafuta maelezo, na nikayapata. Mwili wake bado uko Kanada, alisema mwenyewe. Kule ndiyo kwanza asubuhi, kwa hiyo ulimi wake ulikuwa haujafufuka. Ulikuwa unasubiri magharibi ya kule. Nilimwonea huruma hata, kula chakula chote kile bila kukisikia. Watu walipokwenda tarawehe nililala kwenye mkeka mlangoni pa chumba chake, nikingoja jua lizame Kanada, aamke, ausikie uchungu uliobaki mdomoni, aje aniite. Asubuhi nilijikuta kitandani mwangu. Nikamsamehe. Kwa miaka kadhaa nilimchukulia kama mtu aliyekosea kwa sababu ya saa.

Jumamosi ile, msichana wa kazi wa Bi Zainabu alikuja na masinia yetu mawili ndani ya mfuko. Yalikuwa yameoshwa na ni matupu. Kwetu, hasa Ramadhani, chombo kilichotoka na chakula hakirudi hivyo. Hata tende mbili hutiwa, hata kipande cha mkate. Msichana yule alijua, kwa maana hakuinua macho. "Bi Zainabu asema ahsante," akasema, "na zile nyingine msijisumbue."

"Mwambie na hizo mbili sitaki malipo," mama akajibu.

"Nilikwambia mkaa," Shangazi akasema kutoka ndani.

Pai haikupikwa tena nyumbani kwetu. Mama alikaanga visheti na kaimati, kazi ambayo kila nyumba ilifanya na hailipi, na bahasha ya kodi iliendelea kuja kutoka Kanada mpaka nilipoanza kazi mimi. Nilipomuuliza kwa nini haipiki, alisema mkono wake umeisahau. Siamini kwamba mkono wake uliisahau. Mtu aliyejifunza kitu kwa kurudisha kanda nyuma mara zile zote hakisahau. Nadhani alianza kujitilia shaka, na hilo ndilo Shangazi alilomfanyia hasa. Mama hakuonja siku ile kabla ya adhana, kwa hiyo hakuwa na uhakika pai iliharibikia wapi. Alikuwa na neno la mtoto mwenye ulimi mwekundu, na neno la mtu anayelipa kodi.

Na mimi je? Ramadhani ya kwanza niliyofunga mwezi mzima, nikiwa msichana mkubwa kidogo, nilikuwa nakamua ndimu za kachumbari, tone likaruka likanipata mdomoni. Lilikuwa chachu. Nililisikia lote, mchana kweupe, na saumu yangu mdomoni. Nikasimama pale na nusu ya ndimu mkononi. Ndimi hazifi. Hakuna ulimi uliokuwa umekufa siku ile, wala hapakuwa na saa ya Kanada. Alipotia pai mdomoni aliusikia uchungu kama nilivyousikia mimi, akajua umetoka wapi, akameza, akasema mkaa. Hasira niliyoianza siku ile sijaimaliza.

Baadaye nilisoma. Shule sikufika mbali, lakini vitabu vya mitumba havina mlango wa kuzuia mtu. Nilijifunza kwamba uchachu ukichemshwa pamoja na wanga huuvunja wanga, na wanga wa mizizi kama ule wa halua huvunjika upesi kuliko wa mahindi. Unga wa Kanada ungestahimili ule moto. Malimau ya Kanada, makubwa na mapole, yangestahimili. Maelezo ya Shangazi yalikuwa sahihi kwa nchi yake, na ya mama yalikuwa sahihi kwa yetu. Angeweza kuliona hilo kwa kuuliza swali moja.

Baada ya ujumbe wa Lamya niliacha usiku mmoja upite. Jumapili nilinunua wanga, nikapika sufuria mbili. Ndimu za fungu moja, sukari ya kipimo kimoja, moto mmoja. Ya kwanza niliitia ndimu baada ya kuepua. Ya pili niliitia ndimu motoni na kuichemsha kama alivyoichemsha Shangazi. Nilimwita binti yangu aonje zote mbili bila kumwambia kitu. "Hii nzuri," akasema. Kwa ya pili alitoa ulimi nje na kuufuta kwa kiganja. Nikapiga picha, moja imesimama kwenye sahani, nyingine imetambaa hadi ukingoni. Nikazituma kwenye kundi, pamoja na maelezo yote niliyoyaandika hapa, bila tusi hata moja. Nilitaja unga wa sima uliliwa lini na nani. Nilitaja nani aliirudisha sufuria motoni.

Wa kwanza kujibu alikuwa Maryam. "Subhanallah, kumbe. Allah amrehemu. Nitaipika kwa njia yake, na nitasema ni yake." Nilimshukuru.

Kisha Lamya akatuma sauti. "Dada Rukia, mbona hasira hivyo? Sisi twacheka tu. Pai tu hiyo." Na nyuma yake mamake, sauti imepungua sasa: "Mwambie Ramadhani yakaribia, tusameheane. Mimi hata sikumbuki."

Nikaandika kwamba sitaki kuombwa msamaha kupitia mtu. Akumbuke kwanza, kisha aseme yeye mwenyewe, kwa wote waliocheka: haukuwa unga wa sima, na haukuwa mkaa. Nikangoja. Kwenye kioo cha simu iliandikwa kwamba Lamya anarekodi, ikakoma, ikaandikwa tena, ikakoma. Mwishowe ilikuja sentensi moja ya Lamya, ya maandishi, na mwisho wake uso unaocheka.

"Basi sema mlipoteza kiasi gani nikutumie, tumalize."

Nilikaa chini, nikafuta mikono. Nikamjibu alichouliza.

"Pai tisa. Kila moja mia moja na sitini. Jumla shilingi elfu moja mia nne na arobaini."